Ukizitaka filamu za zamani za Japani, mfuate Takamine Hideko

Mhariri,

Kurasa za burudani za magazeti yetu zikigusia filamu za Japani za miaka ya 1950, picha inayowekwa ni ileile: mwanamume kashika upanga, mvua inanyesha, na maelezo ya picha yanamtaja Kurosawa Akira, mwongozaji wa Samurai Saba. Kurosawa anastahili sifa zake zote. Lakini msomaji anayeishia hapo hubaki akidhani Wajapani wa wakati ule walikuwa wakitazama panga tu. Mwaka 1954, Samurai Saba ilipotoka, wahakiki wa jarida la Kinema Junpo waliiweka nafasi ya tatu katika orodha yao ya mwaka. Ya kwanza ilikuwa hadithi ya mwalimu wa kike kisiwani na wanafunzi wake 12. Ya pili ilihusu wasichana wa chuo wanaogomea sheria kali za bweni. Mwongozaji wa zote mbili ni mmoja, Kinoshita Keisuke, na katika zote mbili yumo mwigizaji mmoja, Takamine Hideko.

Huyo ndiye tunayetaka wasomaji wako wamjue. Tena tunapendekeza njia: anayetaka kuingia katika filamu za Japani zisizotajwa sana asianze na mwongozaji, amfuate mwigizaji. Njia hii inafaa kwa sababu ya jinsi kampuni za filamu za huko zilivyofanya kazi.

Mwaka 1958 ziliuzwa tiketi za sinema milioni 1,127 nchini Japani, na watu wake walikuwa kama milioni 92. Piga hesabu: kila mtu, kichanga na kikongwe wakiwemo, mara 12 kwa mwaka. Mwaka 1960 zilitengenezwa filamu 547, yaani tatu kila siku mbili, za kulisha kumbi 7,457. Kiwanda cha namna hiyo kilitaka watu wa kudumu. Mwigizaji alitia saini mkataba na kampuni moja, na Septemba 1953 kampuni tano, yaani Shochiku, Toho, Daiei, Shintoho na Toei, zilikubaliana kutonyang'anyana waigizaji wala waongozaji. Nikkatsu, kampuni kongwe, ilikuwa inajiandaa kurudi kutengeneza filamu, na wenzake waliogopa itawachotea watu. Tangu hapo nyota akawa kama mchezaji wa mpira aliyefungwa na mkataba. Timu nyingine ikimtaka, kwanza iongee na wenye mali. Ukimfuata Ichikawa Raizo au Wakao Ayako unaijua Daiei nje ndani. Raizo alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 37 tu, na miaka miwili baadaye kampuni yenyewe ikafilisika.

Takamine hakufungwa na kamba hiyo. Alizaliwa Hakodate mwaka 1924, akaanza kuigiza Shochiku mwaka 1929 akiwa na miaka mitano, akahamia Toho mwaka 1937. Baada ya vita Toho ilikumbwa na migomo mitatu ya wafanyakazi. Wa mwisho, Agosti 1948, ulivunjwa na polisi huku vifaru vya jeshi la Marekani vikiwa vimezingira studio. Kabla ya hapo nyota kumi waliokataa kuufuata mgomo walikuwa wamejitenga, Takamine miongoni mwao, na kutokana na mpasuko huo ikazaliwa Shintoho. Mwaka 1950 akaiacha hiyo nayo, akawa huru, akichagua kazi filamu kwa filamu. Ndiyo maana jina lake linakuvusha kutoka kampuni moja hadi nyingine: kwa Kinoshita pale Shochiku, kwa mwongozaji Naruse Mikio pale Toho. Ni nyota wachache wa kike wa rika lake wanaokupitisha milango mingi kiasi hicho.

Waanze na ipi? Sisi tunasema Nijushi no hitomi, yaani Macho Ishirini na Manne, ile iliyoishinda Samurai Saba. Macho 24 ni ya watoto 12. Mwalimu Oishi anafika kwenye shule ndogo ya rasi katika kisiwa cha Shodoshima mwaka 1928, amepanda baiskeli na amevaa sketi ya Kizungu, na kijiji kizima kinamsema. Hadithi inakwenda mpaka 1946. Watoto wanapaswa kukua mbele ya macho yetu, na Kinoshita alilitatua jambo hilo kwa njia rahisi na ya kazi nyingi: alitafuta watoto wenye kaka na dada wanaofanana nao, mdogo akaigiza miaka ya mwanzo na mkubwa miaka ya mbele. Ukiangalia kwa makini unaliona pua lilelile na paji lilelile, na unaamini kwamba miaka imepita.

Jina la mwalimu lina mchezo ambao manukuu ya Kiingereza, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, huupoteza nusu. Oishi maana yake jiwe kubwa. Mwalimu mwenyewe ana umbo dogo, kwa hiyo watoto wanamwita Koishi, jiwe dogo. Kwa Kiswahili mtu angekimbilia kuandika Mwalimu Kijiwe, na ukumbi ungecheka mahali pasipo pake, maana kijiwe kwetu ni pale vijana wanapokaa kupiga soga. Mwalimu Kokoto linafaa zaidi.

Katika filamu hiyo watoto wanachimba shimo ufukweni, mwalimu anatumbukia na kuumia mguu. Wanamkosa, wanafunga safari ya miguu bila kuwaaga wazazi mpaka kwao mwalimu, na siku hiyo wanapigwa picha ya pamoja. Ishike picha hiyo akilini. Miaka mingi baadaye, vita vikiwa vimekwisha, waliobaki wanamwandalia mwalimu karamu. Mmoja wao, Isokichi, amerudi kipofu. Anaishika picha, anaweka kidole juu ya sura moja, anataja jina. Anasogeza kidole, anataja jina jingine. Tamura Takahiro anaigiza Isokichi bila kupandisha sauti hata kidogo. Kamera haikimbilii machozi ya mtu. Na mtazamaji aliyekaa nao zaidi ya saa mbili anawajua wote waliomo katika picha ile.

Ya pili ni ya Naruse: Onna ga kaidan o agaru toki ya mwaka 1960, Mwanamke Apandapo Ngazi. Hapa Takamine ni Keiko, mjane anayesimamia baa ya ghorofani mtaa wa Ginza, Tokyo. Wote wanamwita Mama. Kiingereza hulazimika kulieleza neno hilo. Kiswahili hakilazimiki, kwani kwetu mwanamke mwenye biashara yake ni Mama vilevile, na heshima iliyomo ndani ya neno ni ileile. Filamu hii ingeweza kufundishiwa hesabu za biashara. Wateja wakubwa hawalipi taslimu, wanaandikwa. Mama ndiye anayekwenda ofisini kwao kudai, amevaa vizuri, anatabasamu, anainama, na mteja akitoroka na deni, mzigo unamwangukia yeye. Kimono lazima ziwe za bei, nyumba ya kupanga lazima iwe ya maana, la sivyo wateja watasema baa imeshuka. Nyumbani kwao nako mama mzazi na kaka wanamtegemea. Umri wake ni miaka 30, na katika kazi ile umri huo una njia mbili tu: kuolewa au kufungua baa yako mwenyewe. Filamu yote ni Keiko akizijaribu njia hizo moja baada ya nyingine.

Naruse anarudi kwenye ngazi zilezile mara kwa mara. Tunaiona miguu ya Keiko, soksi nyeupe na zori, yaani ndala za Kijapani, ikipanda taratibu, na sauti yake mwenyewe inatuambia jinsi anavyochukia kupanda. Kisha mlango unafunguliwa na uso unabadilika. Hapo ndipo kipaji cha Takamine kinapoonekana. Ziangalie sekunde mbili za kabla ya mlango na sekunde mbili za baada yake. Msanii mwingine angezijaza vitendo, yeye anauinua mdomo kidogo tu. Mavazi ya filamu hiyo aliyachagua yeye, na jina lake limo kwenye orodha ya watengenezaji kwa kazi hiyo.

Aliyeizoea Samurai Saba atamtambua humu Kato Daisuke. Kule ni Shichiroji, samurai mwaminifu mwenye uso wa mviringo. Huku ni mteja mnene mpole anayemposa Keiko, na sisi watazamaji, kwa kuwa tunamwamini uso, tunaposwa pamoja naye. Keiko anapofika kitongoji cha viwanda alikoelekezwa, anamkuta mke wa bwana huyo, na watoto wanaocheza na baiskeli ya magurudumu matatu. Mke hashangai. Ameshazoea kuwapokea wanawake waliodanganywa. Nakadai Tatsuya, ambaye wengi wanamjua kwa bastola aliyoishika katika Yojimbo, filamu ya Kurosawa ya mwaka uliofuata, humu ni meneja wa baa aliyeufungia moyoni upendo wake kwa Mama kwa miaka.

Ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo itakayokaa karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, ni Midareru ya mwaka 1964, pia ya Naruse. Mwandishi wake ni Matsuyama Zenzo, mumewe Takamine. Reiko aliolewa, mume akafia vitani kabla ndoa haijatimiza mwaka, duka la ukwe likaungua kwa mabomu. Akalijenga upya na kuliendesha kwa miaka 18. Sasa supamaketi imefunguliwa jirani na inauza mayai kwa bei ambayo duka dogo haliwezi kuifikia, na mawifi wanataka aondoke ili duka ligeuzwe supamaketi. Katikati ya hayo shemeji yake mdogo, Koji, anamwambia kwamba anampenda. Katika manukuu ya Kiingereza Koji anamwita Reiko "dada", na mtazamaji anachanganyikiwa. Neno la Kijapani, neesan, humwita dada mkubwa na mke wa kaka vilevile. Andika shemeji, na kila mtu ukumbini ataujua uzito wa jambo hata kabla Koji hajamaliza sentensi.

Reiko anaamua kurudi kwao kaskazini kwa treni. Koji anapanda treni hiyohiyo. Mwanzoni behewa limejaa naye yuko mbali, amesimama. Abiria wanashuka, anapata kiti, bado mbali. Wanashuka wengine, anasogea. Mwishowe amekaa mkabala naye. Hawaongei mambo makubwa. Wanatazamana, wanacheka kidogo kama watoto waliotoroka. Kisha Koji analala, Reiko anamtazama, machozi yanamtoka. Masafa yote kati yao yamepimwa kwa viti vya treni. Mwisho hatuusemi, ila tunamwambia mtazamaji aitazame mikono, na asiondoke kitini mpaka picha ya mwisho kabisa, ambayo ni uso wa Takamine peke yake.

Ukigumo ya 1955 ndiyo inayotajwa sana kati ya za Naruse, na ni kweli ni kubwa: mwanamke aliyekuwa karani wa kupiga taipu Dalat, Indochina ya Wafaransa, anarudi Tokyo iliyoharibiwa kumtafuta mwanamume aliyempenda kule, na anamfuata mpaka kisiwa cha Yakushima ambako mvua haikatiki. Mori Masayuki, yule mume wa katika Rashomon ya Kurosawa, anaigiza mwanamume asiyefaa kitu kwa ustadi unaoudhi. Tunaiweka ya nne kwa sababu ni nzito. Aliyeanza nayo mara nyingi haendelei.

Sasa makosa, maana ndiyo yanayowakatisha watu tamaa.

La kwanza ni majina. Ukigumo, Midareru na Midaregumo ni filamu tatu tofauti za mwongozaji mmoja. Midaregumo ni ya 1967, ina rangi, Takamine hayumo, na ndiyo ya mwisho ya Naruse. Majina yao ya Kiingereza hubadilika kila yanapochapishwa upya, kwa hiyo tafuta kwa jina la Kijapani pamoja na mwaka. Wajapani hutanguliza jina la ukoo: Takamine ndilo la ukoo. Yuko pia Takamine Mieko, nyota mwingine kabisa, wa Shochiku. Vivyo hivyo Ichikawa Kon ni mwongozaji na Ichikawa Raizo ni mwigizaji, na Raizo aliigiza katika filamu za Kon, hivyo ukiona "Ichikawa" peke yake hujaambiwa kitu.

La pili ni runinga. Filamu za Japani kabla ya 1957 zina umbo la karibu mraba, upana mara 1.37 ya kimo. Runinga za leo ni 1.78. Ikionyeshwa sawasawa, picha inachukua asilimia 77 ya upana wa kioo na kunabaki pande mbili nyeusi. Wengi hudhani runinga ina kasoro, wanabonyeza kitufe cha kujaza kioo. Kuna mambo mawili hapo: ama sura zinatanuka, na Takamine anakuwa mnene ghafla, au picha inakuzwa na karibu robo ya kimo inakatwa, vichwa juu na mikono chini. Mwaka 1957 Toei ilianza picha pana, wengine wakafuata. Mwanamke Apandapo Ngazi na Midareru ni za upana wa 2.35, ambazo huacha weusi juu na chini. Ukijaza kioo hapa unapoteza karibu robo ya upana, na Naruse hupenda kumweka mtu mmoja ukingoni huku na mwingine ukingoni kule. Utamsikia mtu akijibu ambaye humwoni. Katika menyu ya runinga chagua umbo la asili na uache weusi ukae.

La tatu ni manukuu. Wapo vijana wanaotafsiri kwa Kiswahili, na tunawapongeza. Faili lenyewe ni maandishi matupu: namba, mstari wa saa, maneno, kisha mstari mtupu. Saa huandikwa 00:01:05,200 --> 00:01:08,000, kwa koma na si nukta kabla ya sehemu za sekunde. Programu nyingine zikikuta nukta zinaruka mstari. Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo majina yenye o ndefu ya Kijapani yanageuka vijisanduku. Usizidi mistari miwili, herufi kama 40 kila mmoja, na hesabu herufi, si maneno, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja ni sentensi nzima. Herufi 15 kwa sekunde ni kasi inayosomeka. Mistari miwili yenye herufi 70 inahitaji karibu sekunde tano.

Manukuu yakiwahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, sogeza yote. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, tatizo ni kasi ya nakala. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Nakala nyingi za Ulaya huendeshwa 25. Mwanamke Apandapo Ngazi ya dakika 111 inakuwa kama 106 na nusu, na manukuu yaliyotengenezwa kwa nakala ya 24 yatachelewa zaidi ya dakika nne ifikapo mwisho. Zidisha saa zote kwa 0.96, usihangaike kusogeza mstari mmoja mmoja.

Wengine watauliza kwa nini asiwekwe msimuliaji kama katika vibanda umiza. Japani nayo ilikuwa na wasimuliaji wake, benshi, enzi za filamu bubu, na kaka wa Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Ni sanaa ya heshima. Lakini filamu za Naruse zimejengwa juu ya kimya kati ya sentensi mbili, na msimuliaji hujaza kimya. Kwa hizi, maandishi ya chini.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapoandika filamu ya Kijapani, wekeni jina la Kijapani, mwaka na kampuni; maneno hayo matatu yanamtosha msomaji kuitafuta bila kupotea. Na shule au klabu ikitaka kuonyesha, taasisi ya Japan Foundation ina maktaba ya filamu na huziazimisha kwa maonyesho yasiyo ya biashara kupitia balozi za Japani. Wakiandika barua waulize kwanza nakala ni ya aina gani na manukuu ni ya lugha ipi, kabla ya kukodi mashine. Onyesho la kwanza liwe Nijushi no hitomi, mchana, katika ukumbi wenye giza la kutosha, kwani Kinoshita huwapiga picha watoto kutoka mbali na kwenye kioo cha simu hawaonekani. Ni dakika 156. Mapumziko yawekwe pale watoto wadogo wanapowapisha kaka na dada zao, si nusu kamili ya muda.

Wapenzi wa filamu za zamani,
Tanga